Vifaranga wa Samaki Wasihamishwe Kabla Matamvua Hayajakaguliwa

Mwaka 1936 stajoni wa Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, walianza kufa kwa wingi. Stajoni ndiye samaki ambaye mayai yake, kaviari, huuzwa ghali duniani kote, na kwa wavuvi wa Aral vifo hivyo vilikuwa pigo kubwa. Matamvua ya samaki waliokufa yalikutwa yamejaa mnyoo bapa anayeitwa kisayansi Nitzschia sturionis, mamia katika samaki mmoja. Mnyoo huyo hakuwa wa Aral. Alikuwa ameingia miaka michache tu kabla ya hapo, akiwa amejishikiza kwa stajoni wa aina nyingine waliohamishwa kutoka Bahari ya Kaspi katika mpango wa Wasovieti wa kuongeza mavuno. Stajoni wa Kaspi alikuwa amezoeana naye kwa vizazi na vizazi. Wa Aral hakuwahi kukutana naye, wala mwili wake haukujua namna ya kumhimili. Wanasayansi Dogiel na Lutta walikiandika kisa hicho mwaka 1937, na vitabu vya maradhi ya samaki vingali vinakitaja.

Kinachouma zaidi ni kwamba mnyoo huyo alikuwa na jina tayari. Abildgaard alikuwa amemwelezea mwaka 1794, zaidi ya karne moja kabla ya stajoni wa kwanza kuhamishwa. Alihitajika mtu mmoja tu wa kufunua kifuniko cha shavu la samaki, akatazama, akamtambua mnyoo aliyemwona, na akasema: hawa wasiende.

Kisa hiki kinafaa kusomwa leo katika kila ofisi ya uvuvi kuanzia Lamu hadi Mtwara. Pwani ya Afrika Mashariki imeamua kufuga samaki wa baharini, na imeamua vyema. Unguja ina kituo cha kutotoa vifaranga pale Beit-el-Ras. Kenya imeweka kituo chake cha ufugaji wa viumbe wa baharini Shimoni, Kwale. Mabwawa ya mwatiko yako katika vijiji vingi vya pande zote mbili za mpaka, na vikundi vya wanawake na vijana vimewekeza jasho lao humo. Lakini ufugaji maana yake ni kuhamisha samaki: kutoka baharini kwenda bwawani, kutoka kituo kwenda kizimbani, kutoka wilaya moja kwenda nyingine, na kesho huenda kutoka nchi za mbali. Kila samaki anayehamishwa huenda na abiria wake. Nchi zetu zinahitaji sheria moja fupi isiyo na mianya: vifaranga wasihamishwe mpaka mtu aliyefunzwa amekagua ngozi na matamvua yao na kutaja kwa jina minyoo aliowakuta. Zinahitaji pia kuwafunza watu hao hapa hapa nyumbani, na kuzitunza sampuli zao hapa hapa.

Minyoo wanaozungumziwa ni jamaa wa mbali wa wale wanaoleta kichocho na wa tegu wa ng'ombe. Wote ni minyoo bapa. Wale wanaokaa juu ya mwili wa samaki wengi wao ni wa kundi linaloitwa monojenea, na spishi zake zilizokwisha kupewa majina zinapita 4,000. Tofauti yao na mnyoo wa kichocho ni kubwa. Kichocho lazima kipite kwa konokono kabla ya kumrudia binadamu, kwa hiyo palipokosekana konokono mzunguko hukatika. Monojenea hahitaji mwenyeji wa kati. Kwa kawaida hutaga yai, yai huanguliwa, kiluwiluwi huogelea kwa saa chache akitafuta samaki wa kufaa, akimpata hujibandika na kuanza maisha. Baharini, ambako samaki wametawanyika, viluwiluwi wengi hufa bila kumpata mwenyeji. Ndani ya kizimba chenye maelfu ya samaki waliobanana, karibu kila upande kuna mwenyeji. Ndiyo maana mnyoo ambaye hajawahi kumsumbua mvuvi hata siku moja anaweza kumfilisi mfugaji kwa msimu mmoja.

Mlaji wa samaki asiingiwe na hofu. Minyoo hawa hawawezi kuishi katika mwili wa binadamu, na chewa au changu aliyekaangwa vizuri haleti hatari yoyote kwa upande huo. Anayeumia ni samaki, na nyuma yake ni mfuko wa aliyemfuga.

Kwa nini jina la mnyoo liwe na uzito kiasi hicho? Jibu linapatikana Japani, nchi iliyofuga samaki wa baharini kwa muda mrefu kuliko nyingi. Huko hufugwa samaki aitwaye buri, ndugu wa kolekole wa kwetu. Buri husumbuliwa na minyoo bapa wa aina mbili. Mmoja, Benedenia seriolae, hukaa kwenye ngozi na kuila. Samaki hujikwaruza kwenye nyavu kwa muwasho mpaka anapata vidonda. Wa pili, Heteraxine heterocerca, hukaa kwenye matamvua na kunyonya damu. Samaki hupauka na kudhoofu. Wa kwanza huondolewa kwa kumtia samaki katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika chache. Wa pili haondoki kwa tiba hiyo. Wajapani walimshughulikia kwa kinyume chake, yaani maji ya bahari yaliyozidishwa chumvi. Samaki ni yule yule, kizimba ni kile kile, na minyoo wote wawili ni bapa na wadogo. Mfugaji anayeambiwa tu kwamba samaki wake "wana minyoo" ana nafasi nzuri ya kuwatesa samaki kwa dawa isiyo yao huku anayewaua akiendelea kunyonya.

Na hata tiba sahihi ina saa yake. Mayai ya monojenea wengi yana nyuzi ndefu zinazojinasa kwenye wavu, na ganda lake halipenyeki kirahisi. Maji baridi humwua mnyoo mzima lakini huliacha yai salama. Baada ya siku kadhaa mayai huanguliwa na samaki waliotibiwa huvamiwa upya. Ni lazima tiba irudiwe baada ya mayai kuanguliwa na kabla minyoo wapya hawajaanza kutaga, na urefu wa kipindi hicho hutegemea joto la maji na spishi yenyewe. Asiyeijua spishi anakisia tu.

Kuijua spishi ni kazi ya mikono, macho na subira. Samaki awe hai au amekufa punde, kwa sababu mnyoo huanza kuharibika muda mfupi baada ya mwenyeji wake kufa. Tao za matamvua hukatwa moja moja na kuwekwa katika kisahani chenye maji, kisha mkaguzi hupekua kwa sindano nyembamba chini ya hadubini. Minyoo wengi hawafiki milimita moja. Akipatikana, hutandazwa baina ya vioo viwili mpaka sehemu zake ngumu zionekane: kulabu kubwa mbili au nne za katikati, pau zinazoziunganisha, na kulabu ndogo za pembezoni ambazo mara nyingi ni 14 au 16. Wengine hawana kulabu kubwa. Wana safu za vibano vinavyokamata nyuzi za matamvua. Baada ya hapo huja viungo vya uzazi. Kila mnyoo ni dume na jike kwa wakati mmoja, na maumbo ya viungo hivyo, yaliyo magumu kama kucha, hutofautiana spishi kwa spishi. Mkaguzi huvichora na kuvipima kwa maikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Siku hizi mnyoo mmoja hukatwa vipande viwili, kimoja kikahifadhiwa katika alkoholi kwa ajili ya vinasaba na kingine kikabaki juu ya kioo kwa ajili ya macho. Fomalini, ambayo imezoeleka katika maabara nyingi, hulihifadhi umbo vizuri lakini huviharibu vinasaba. Asiyepanga mapema hupoteza nusu ya ushahidi.

Hata mabingwa huteleza. Mwaka 1776 Otto Friderich Müller alipompa jina mnyoo bapa wa ngozi ya samaki mkubwa aitwaye halibati, alimweka katika kundi la ruba. Abildgaard naye alifanya hivyo hivyo kwa yule mnyoo wa stajoni. Kwa macho matupu kosa hilo linaeleweka kabisa: kiumbe laini, bapa, mwenye kikombe cha kujishikizia nyuma. Ilichukua miongo kadhaa na hadubini bora zaidi kuwatenga na ruba. Katika miaka ya karibuni ulinganisho wa vinasaba umetikisa hata kundi zima la monojenea. Watafiti wameonyesha kwamba wale wanaokula ngozi na ute na wale wanaonyonya damu si ndugu wa karibu kama ilivyodhaniwa kwa zaidi ya karne.

Mfano unaogusa wafugaji moja kwa moja ni ule wa jenasi Neobenedenia. Mwaka 1927 George MacCallum alielezea mnyoo aliyekutwa kwa samaki katika matangi ya maonyesho ya New York, mahali ambapo samaki wa bahari mbalimbali walichanganywa, kwa hiyo asili ya mnyoo haikujulikana vizuri tangu siku ya kwanza. Leo anaitwa Neobenedenia melleni. Mwaka 1955 Hargis alielezea wa pili, Neobenedenia girellae, kutoka kwa samaki wa California. Mwaka 1996 wataalamu wawili, Whittington na Horton, walichunguza upya sampuli na kuamua kwamba hao wawili ni spishi moja. Uamuzi huo ulifuatwa na wengi. Kwa zaidi ya miaka 20 mnyoo aliyevamia vizimba vya nchi nyingi za joto aliandikwa katika ripoti nyingi kwa jina la melleni. Kisha mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba, uliomhusisha Whittington mwenyewe kama mmoja wa waandishi ingawa alikuwa amekwisha kufariki, ulionyesha kwamba spishi ni mbili kweli, na kwamba girellae ndiye aliyeenea katika vizimba vingi. Ripoti zote zilizochanganya majina hayo sasa zinapaswa kusomwa kwa tahadhari: joto gani huharakisha mayai, chumvi kiasi gani humwua, samaki gani humvumilia.

Wapo watakaosema kisa hicho kinathibitisha kwamba hadubini imepitwa na wakati, na kwamba Afrika Mashariki isubiri mashine za vinasaba zishuke bei. Hoja hiyo haina miguu. Mashine hutoa mfuatano wa herufi za vinasaba, kisha huulinganisha na ile iliyokwisha kuwekwa katika hazina za kimataifa. Ikiwa hakuna aliyekwisha kumtambua mnyoo wa tasi wa Pemba kwa umbo lake na kuhifadhi sampuli yake, mashine haitakuwa na cha kulinganisha. Kosa la Neobenedenia lenyewe lilirekebishwa kwa kuwa kulikuwa na watu wanaozijua kulabu hizo na sampuli zilizotunzwa vizuri.

Ukubwa wa kazi iliyopo unaonekana New Caledonia, visiwa vya Pasifiki vyenye miamba ya matumbawe inayofanana na ya kwetu. Jean-Lou Justine wa makumbusho ya historia asilia ya Paris alikagua matamvua ya chewa wa aina moja tu, Epinephelus maculatus. Alikuta spishi 12 za monojenea. Nane kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi, na alizielezea mwaka 2007. Chewa wa aina moja! Soko la Feri, Dar es Salaam, hupokea chewa wa aina kadhaa kwa siku moja, na matamvua yao hutupwa pamoja na utumbo. Mwanafunzi mwenye kisu, ndoo ya barafu na hadubini ya kawaida angeweza kufanya kazi ya shahada nzima bila kwenda mbali na soko hilo, kwa gharama ndogo kuliko ya safari moja ya meli ya utafiti.

Silikanti anatoa somo jingine. Samaki huyo wa kale, aliyedhaniwa kutoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, huishi katika maji ya Komoro na amenaswa mara nyingi kwenye nyavu za Tanga. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilitangazwa huko mwaka 2009. Yeye pia ana mnyoo bapa wake, ambaye ni tofauti kiasi cha kutengewa familia yake mwenyewe. Aliyemwelezea, mwaka 1971, ni Mjapani, Kamegai. Hakuna ubaya Mjapani kufanya kazi nzuri, na sayansi ni ya wote. Ubaya ni nusu karne kupita huku watoto wa pwani hii wakiendelea kuletewa majina ya viumbe wa maji yao kutoka ng'ambo, kwa sababu tu hakuna aliyewafundisha kuyatafuta wenyewe.

Inawezekana, na Ziwa Tanganyika limeonyesha njia. Dagaa wa Kigoma na Uvira wanatokana na ukoo wa samaki wa baharini, na katika matamvua yao wapo monojenea wadogo ambao mwaka 2018 walipewa jenasi mpya, Kapentagyrus. Kazi hiyo iliongozwa na watafiti wa Ulaya wakishirikiana na wa Kongo, wakiwamo wa kituo cha utafiti cha Uvira. Jambo lenye faida zaidi lilikuja baadaye. Aina moja ya dagaa hao, lumbu, ilihamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako leo huitwa sambaza, na Ziwa Kariba katika miaka ya 1960. Watafiti walipokagua matamvua, mnyoo alikutwa Kariba lakini hakukutwa Kivu. Kumbe samaki anaweza kuhamishwa akamwacha kimelea chake nyuma. Haitakiwi kuwa bahati. Inaweza kuwa kazi iliyopangwa.

Gharama ya kutopanga inajulikana. Norwei iligundua mwaka 1975 kwamba mito yake imeingiliwa na Gyrodactylus salaris, mnyoo bapa mwenye urefu usiofika milimita moja, aliyeletwa na samoni kutoka upande wa Bahari ya Baltiki. Zaidi ya mito 40 iliambukizwa. Ili kumwondoa, serikali imelazimika kutia sumu katika mito mizima na kuua samaki wote waliomo, mto baada ya mto, kwa miongo. Norwei ni tajiri. Kijiji cha Kilifi au Mkuranga hakina ubavu huo.

Kuna hoja ya fedha inayostahili heshima: hospitali nyingi za wilaya zinapungukiwa na vifaa, iweje hadubini inunuliwe kwa ajili ya samaki? Lakini vifaa hivyo kwa sehemu kubwa vipo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya iko Mombasa, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimefundisha somo la vimelea kwa madaktari wa mifugo kwa miaka mingi. Hata dawa si ngeni: prazikwanteli, inayogawiwa wanafunzi wa shule za msingi dhidi ya kichocho, hutumika pia dhidi ya minyoo wa samaki. Pengo lililopo ni la watu. Mtaalamu wa kutambua monojenea hapatikani kwa warsha ya siku tatu hotelini; hupatikana kwa kukaa miaka miwili au mitatu na mtu anayejua, akichora kulabu mpaka jicho lizoee. Nafasi mbili za masomo kila mwaka, moja Tanzania na moja Kenya, zingebadilisha hali ndani ya muongo mmoja. Miongozo nayo iandikwe kwa Kiswahili, yenye michoro, kwa sababu atakayemwona mnyoo kwanza ni mlisha samaki wa bwawani, na hapaswi kusubiri profesa amtafsirie.

Kuna jambo ambalo mlisha samaki huyo anaweza kulifanya kesho. Minyoo wa ngozi kama Neobenedenia hawaonekani kwa urahisi juu ya samaki kwa kuwa wanapitisha mwanga. Samaki akiingizwa katika ndoo ya maji baridi kwa dakika chache, minyoo hugeuka weupe na kudondoka. Awakusanye kwa kitambaa chepesi, awatie katika kichupa cha alkoholi, aandike kwa penseli tarehe, mahali na aina ya samaki, kisha akipeleke kichupa kwa ofisa uvuvi. Wizara ziwape maofisa hao chupa na alkoholi, na makumbusho za Nairobi na Dar es Salaam zitenge kabati la kupokea sampuli hizo na kuzipa namba.

Mwatiko ndiye wa kuanza naye. Vifaranga wake hukusanywa katika vidimbwi na mikoko wakati wa msimu, kisha husafirishwa kwa ndoo na mifuko ya plastiki hadi mabwawa ya mbali. Kabla ya kila safari samaki 30 watolewe na kukaguliwa, waliobaki wawekwe katika tangi la peke yake kwa muda unaotosha mayai kuanguliwa, na cheti cha kuwaruhusu kuondoka kisainiwe na mtu anayeweza kuandika, katika nafasi iliyoachwa wazi, jina la kila mnyoo aliyemwona.